Simu moja kwa wanafunzi 72: sauti na kamera kwanza, skrini mwisho

SWALI: Ninafundisha Baiolojia na Jiografia kidato cha pili katika shule ya kata wilayani Tandahimba. Darasa lina wanafunzi 72. Nina simu janja yangu, na nina kishikwambi kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa. Mtandao unakuja na kuondoka. Nilijaribu kuwaonyesha video ya usanisinuru kwenye simu. Waliokaa mbele waliona, wa nyuma wakaanza kupiga soga. Mkuu wa shule naye kaniambia mwalimu anayeshika simu darasani hafundishi. Je, vifaa hivi vinasaidia kweli au tunafuata mkumbo tu? Na nikijichanga, ninunue projekta?

JIBU: Mwalimu, pole na majukumu. Vifaa hivyo vinasaidia, ila si kwa njia uliyoanza nayo. Kioo cha simu yako hakizidi sana inchi sita. Wanafunzi watano au sita wakikizunguka wataona. Wa saba anaona kisogo cha mwenzake. Ulipoinua simu mbele ya darasa uliwaacha nje wanafunzi zaidi ya 60, na kwa kweli sioni walipaswa kufanya nini zaidi ya soga. Lakini simu hiyohiyo ina spika, maikrofoni, kamera, saa ya kupimia muda, kipokezi cha GPS, na ina kazi ambayo siku hizi tunaisahau: inapiga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotaka watu 72 watazame kioo. Anza na hivyo, skrini iwe ya mwisho.

Kuhusu mkumbo, una haki ya kuuliza. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika haikukuta matokeo ya Hisabati wala ya lugha yakipanda. Kwetu hapa, kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilifanyiwa majaribio mkoani Tanga: watoto karibu 3,000 wa vijiji karibu 170, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa miezi 15, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ikashuka sana. Mfano wa Tanga unapendwa kwenye semina, hasa na wanaouza vifaa. Kinachorukwa ni kwamba kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, na kijijini kulikuwa na mahali pa kuchajia kwa sola. Wewe una kimoja kwa 72. Kwa hiyo mafanikio ya Tanga si ahadi kwako, na yaliyotokea Peru si hukumu juu yako.

Mfano unaofanana na darasa lako ni wa zamani zaidi. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, kila kikundi na redio yake, kijitabu na kiongozi. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Kifaa kimoja, watu wengi, na baada ya kusikiliza kuna la kufanya. Waliopanga kampeni ile walijua kuwa sauti inafika mahali ambapo picha ndogo haifiki.

Basi, kwenye Baiolojia yako, chukua mada ya fangasi. Tandahimba hakuna mtoto asiyejua ubwiriunga unavyoharibu maua ya mikorosho, na wengi wameshika mashine ya kupulizia salfa wakiwa na baba zao. Wachache wanajua kwamba ule unga mweupe ni fangasi, yaani kile kitu cha kwenye kitabu chenye michoro ya nyuzinyuzi. Mtafute ofisa ugani wa kata, au kama una njia ya kufika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele pale Mtwara, ambako utafiti wa korosho ndio kazi yao, mwombe mtaalamu mmoja dakika nne. Mrekodi kwa simu akijibu maswali matatu: ubwiriunga unaenezwa na nini, kwa nini unashambulia zaidi maua na majani machanga, na salfa inafanya kazi gani. Dakika nne zinatosha, na mkiendelea kumi darasa litalala.

Darasani unacheza kipande kimoja kwa wakati mmoja. Ukiunganisha na spika ndogo ya bluetooth, hata aliyeko dirishani atasikia. Baada ya kila jibu unasimamisha, wanafunzi wanaandika sentensi mbili kwa Kiingereza kuhusu walichokisikia kwa Kiswahili. Hapo umefanya mambo mawili kwa mpigo: wanaelewa sayansi kwa lugha wanayoimiliki, kisha wanaihamishia kwenye lugha ya mtihani kwa mikono yao wenyewe. Kwa shule zetu za kata zoezi hili lina faida kuliko video nzuri ya Kimarekani ambayo msemaji wake anakimbia kama anafukuzwa.

Sasa Jiografia. Hapa ndipo ningetumia nguvu zangu zote kama ningekuwa wewe, kwa sababu kuna somo unaloweza kulifundisha vizuri Tandahimba kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya nchi, na unahitaji simu ya kupiga tu, hata kitochi.

Mji wa Tandahimba uko karibu na longitudo 39°38′ mashariki. Kigoma mjini ni karibu 29°38′ mashariki. Tofauti ni nyuzi 10. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika nne, kwa hiyo jua linafika juu ya wanafunzi wako dakika 40 kabla ya kufika juu ya wenzao wa Kigoma, ingawa saa za ukutani kote zinasoma sawa. Kila mwanafunzi ameshaikokotoa hesabu hii kwenye daftari, na karibu hakuna aliyewahi kuiona ikitokea.

Tafuta mwalimu mwenzako aliyeko Kigoma. Walimu tumetawanyika nchi nzima na kila mmoja ana mtu aliyesoma naye chuo aliyepangiwa huko, haitakuchukua muda. Kubalianeni siku moja ya Mei au Julai, mvua zikiwa zimekwisha na jua likiwa upande wa kaskazini, kwa sababu miezi hiyo fimbo ya mita moja hapo kwenu inatoa kivuli cha zaidi ya nusu mita hata adhuhuri, kikielekea kusini. Oktoba usijaribu: kuelekea mwisho wa mwezi huo jua linawapita utosini na kivuli kinakwisha kabisa, jambo ambalo ni somo jingine zuri lakini si hili.

Kila shule inasimamisha fimbo wima kwenye uwanja ulio tambarare. Sasa angalia mtego. Ukiwaambia wanafunzi watafute dakika ambayo kivuli ni kifupi kuliko vyote, watabishana, kwa sababu karibu na adhuhuri urefu haubadiliki kwa haraka na kosa la dakika tano au kumi linapita bila mtu kujua. Njia ya kuaminika ni hii: saa tano na nusu asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli na upime urefu wake. Kisha ngoja upande wa pili wa adhuhuri mpaka kivuli kirudi urefu uleule, uandike saa. Katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo adhuhuri ya jua. Huna haja ya kulitoa darasa zima kwa saa mbili. Wanafunzi wanne wenye utepe wa kupimia na saa ya simu wanatosha, wakipokezana na vipindi vingine. Kwenu itaangukia kati ya saa sita na robo na saa sita na nusu, kutegemea mwezi. Kigoma itakuwa karibu saa saba, ikizidi au ikipungua kidogo.

Saa tisa unampigia mwalimu wa Kigoma, unaweka lauspika, na mwanafunzi wako, siyo wewe, anamuuliza mwanafunzi wa kule: adhuhuri yenu ilikuwa saa ngapi? Darasa litakuwa kimya kuliko siku ya mtihani. Wakipata dakika 38 au 43 badala ya 40, usiwasahihishe. Waulize kosa limetoka wapi: fimbo kutokuwa wima, uwanja kuinama, ncha ya kivuli kuwa na ukungu. Gharama ya yote hayo ni vocha ya kuongea dakika tano.

Kwa kuwa tuko kwenye Jiografia, niseme na la GPS, kwa sababu walimu wengi wanaamini linataka bando. Halitaki. Simu inapokea ishara za setilaiti moja kwa moja. Bando linatumika kupakua ramani tu. Programu kama Organic Maps inakuruhusu kupakua ramani ya Tanzania mara moja ukiwa mahali penye mtandao, halafu inafanya kazi porini hata bila laini. Wapeleke wanafunzi langoni mwa shule wasome latitudo na longitudo, watembee hadi sokoni au msikitini wakihesabu hatua, wasome tena, kisha wachore ramani kwa kipimio walichochagua wenyewe. Nyuzi moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi, kwa hiyo dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi, inakaribia kilometa mbili, na kijiji cha kawaida kinaenea ndani ya hesabu hiyo bila shida.

Kamera. Kamera ya simu ikitazama kupitia lenzi ya mkono, ile ya maabara, inakupa picha ya ua la mkorosho lenye ubwiriunga ambayo jicho peke yake halioni. Shika lenzi iguse kamera, sogeza ua taratibu mpaka litulie, weka rula pembeni ili picha iwe na kipimo. Piga ua lilelile kila baada ya siku tatu. Baada ya wiki tatu una mfululizo ambao kitabu cha Dar es Salaam hakiwezi kukupa, maana ni mti wa shuleni kwenu.

Ila matumizi ya kamera ninayoyathamini zaidi hayana uzuri wowote wa kutazama. Dakika kumi kabla ya kipindi kuisha, wape swali moja, mfano: chora mzizi wa mmea na uoneshe maji yanaingilia wapi. Wakati wanaandika, pita kati ya madawati upige picha daftari 15, za wazuri na za wanaosuasua. Jioni unazitazama ukiwa nyumbani bila kubeba gunia la madaftari. Utashangaa jinsi makosa yanavyojirudia. Katika 15 utakuta mawili au matatu yaleyale. Kesho yake unaanza kipindi kwa kuyachora ubaoni bila kutaja jina la mtu. Kuna programu iitwayo Plickers inayofanya kazi ya namna hii kwa kadi za karatasi: kila mwanafunzi anainua kadi yake, simu ya mwalimu inasoma majibu ya darasa zima. Ni nzuri, lakini seti yake kubwa ina kadi 63, wewe una wanafunzi 72, na inahitaji intaneti. Mimi nisingeanza nayo.

Tukija kwenye skrini yenyewe: ukitaka lazima waone kitu kinachotembea, usiinue kifaa, kizungushe kwa mpango. Piga hesabu kabla. Wanafunzi 72 ni vikundi tisa vya wanane, na hata wanane wamezidi kidogo kwa kishikwambi. Ukiwa na kifaa kimoja, kila kikundi kikipewa dakika nne, umemaliza dakika 36 na kipindi cha dakika 40 kimekwenda. Azima vishikwambi viwili kwa walimu wenzako, ambavyo mara nyingi vimelala kabatini, utumie kipindi pacha cha dakika 80: vikundi vitatu vinatazama, vikundi sita vina kazi ya vielelezo na maswali ya kitabu, mnabadilishana kila baada ya dakika 20. Zinakubaki 20 za kufungua na kufunga somo. Bila kazi ya maana kwa wale sita, rudi kwenye chaki, haina aibu.

Cha kuwaonyesha kipakue mapema. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo kwenye maktaba mtandao yao. Majaribio ya sayansi ya kwenye skrini, yaani PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, yanaweza kuhifadhiwa yakatumika bila mtandao. Kiwix inakuwekea Wikipedia ya Kiswahili yote ndani ya memori kadi. Video chukua za ubora wa 360p. Kwa kioo kidogo hutaona tofauti na bando litakushukuru. Halafu kabla ya kuingia darasani zima data na uzime taarifa za WhatsApp. Ujumbe wa mdai wako ukitokea juu ya mchoro wa moyo, hakuna atakayeukumbuka moyo.

Kuna picha moja tu ambayo ningeipeleka darasani kwa ajili ya kuonwa tu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, hapo Lindi, wakasafirisha mifupa ya dinosaria kwa tani hadi Berlin. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la huko, kimo zaidi ya mita 13. Wengi wa wanafunzi wako hawajui kwamba mnyama huyo alitoka mkoa jirani na kwao. Izungushe picha kwa dakika chache, kisha watoke nje na kamba wapime mita 13 uwanjani.

Mkuu wa shule usishindane naye kwa maneno, na tuseme ukweli, ana sababu: ameona walimu wanaochati wakati darasa linanakili notsi. Andika simu kwenye andalio la somo katika sehemu ya zana, utaje kwa dakika ipi inatumika na kwa kazi gani. Mwambie simu itakaa mezani, siyo mkononi, na mwalike siku ya kumpigia mwalimu wa Kigoma. Andalio hilohilo ndilo litakalokusaidia mthibiti ubora akiingia.

Jambo ambalo hulijadili naye kabisa ni wanafunzi kuleta simu. Shule zetu haziruhusu, na hata kama zingeruhusu ungepata darasa la wenye nazo na wasio nazo. Vivyo hivyo kuhusu kutuma kazi kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi: msimu wa korosho simu ya mzazi iko shambani au inasubiri taarifa za mnada, na wazazi wengi wana kitochi. Kazi ya nyumbani ibaki kwenye daftari.

Na picha: piga daftari, ua, kivuli, mikono inayopima. Nyuso za wanafunzi ziache, na usizirushe kwenye makundi hata kwa nia ya kuwapongeza. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na hao ni watoto wa watu. Ofisa ugani naye umwombe ruhusa kabla ya kumrekodi, umwambie utakapotumia sauti yake.

Kuhusu kukitunza kishikwambi, la msingi ni betri. Kikikaa kabatini miezi mitatu kikiwa sifuri, kinaweza kisiamke tena. Kiache kikiwa nusu, ukichaji kila mwezi, na usikiweke karibu na bati. Tundu la chaja lizibe lisiingie vumbi, liwe la udongo au la salfa wakati wa kupulizia.

Projekta sasa hivi usinunue. Inataka umeme wa uhakika darasani na chumba cha kutia giza, na madirisha ya shule za kata ni mwanga mtupu. Saa nne asubuhi picha itakuwa kivuli ukutani. Hela uliyonayo anza na spika ya bluetooth yenye kuchajiwa, pawabenki moja, na lenzi za mkono nne au tano kama maabara yenu hazina. Ukizitumia muhula mzima na bado kuna somo ambalo kila mara linakwama kwa sababu wote lazima waone kwa pamoja, niandikie ni somo gani, chumba kina madirisha mangapi na umeme unakatika mara ngapi kwa wiki, tuangalie projekta ya aina gani inafaa.